Milimani, Bondeni au Ng'ambo ya Yordani: Ungechukua Shamba Wapi?

Kila mwaka darasa letu la Biblia likifika Yoshua mlango wa 13, pale nchi inapoanza kugawiwa makabila ya Israeli, watu husinzia. Mipaka inafuatana, mji baada ya mji, hadi msomaji mwenyewe anapoteza mstari. Mwaka mmoja nikafunga kitabu nikawauliza: nyinyi mngechukua shamba wapi? Tuseme ni mwaka 900 KK. Una familia ya watu sita, mbuzi kumi na watano, ng'ombe wawili wa kulimia na mbegu ya msimu mmoja. Mwaka wa njaa hakuna wa kukukopesha. Chagua.

Tangu hapo hatusinzii, tunabishana. Mzee mmoja mfugaji amechagua Bashani, nchi ya malisho ng'ambo ya Yordani, miaka yote na habanduki. Akina mama huuliza maji yako wapi kabla hawajauliza kingine. Vijana hukimbilia pwani. Ulinganisho huu umetokana na mabishano hayo, na utakufaa zaidi ukiusoma huku umefunua ramani zile za mwisho wa Biblia.

Nchi yenyewe ni ndogo. Kutoka Dani kaskazini hadi Beer-sheba kusini ni kama kilomita 240, nusu ya barabara ya Nairobi hadi Mombasa. Leo eneo hilo limo ndani ya Israeli, Palestina na Yordani, likigusa kingo za Syria na Lebanoni. Lakini udogo huo umekatwa kwa mistari ya kutoka kaskazini kwenda kusini, na kila mstari ni dunia yake: pwani, vilima vya Shefela, mgongo wa milima, shimo la Yordani, kisha nyanda za juu za ng'ambo. Mtu anayetembea kutoka bahari kwenda mashariki anapita hali za hewa nne au tano ndani ya siku tatu.

Vuli na masika, ila si zetu

Kumbukumbu la Torati mlango wa 11 inaahidi mvua ya vuli na ya masika, na msomaji wa Tanga au Mombasa anajiona yuko nyumbani. Majira yanakaribiana kweli: ya kwanza huanza Oktoba au Novemba, ya mwisho huanguka Machi na Aprili. Tofauti iko katikati. Kwetu Januari ni jua la kukausha mihogo. Kule ndipo mvua kubwa inapomwagika, pamoja na baridi, na Yerusalemu mara mojamoja hupata theluji. Vuli yao hulainisha ardhi ili jembe lipite, mvua ya katikati hujaza visima, masika hujaza suke la ngano. Baada ya hapo, kuanzia Mei hadi Septemba, ni umande tu.

Kuhusu kiasi, shika mambo mawili. Ukienda kusini, mvua inapungua: milima ya Galilaya ya juu hupata hata milimita 900 kwa mwaka, Yerusalemu kama 550, Beer-sheba kama 200. Na ukivuka mgongo wa milima kuelekea mashariki, mvua inakatika ghafla. Kutoka Yerusalemu hadi Bahari ya Chumvi hakufiki kilomita 30, lakini kule chini mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 100. Hizo 550 za Yerusalemu si mbali na za Dodoma, kwa hiyo mtu wa Dodoma asidanganywe na maneno "maziwa na asali". Anaijua nchi hiyo. Anajua mwaka mmoja ukiteleza kunakuwaje.

Udongo mzuri ulioko njiani

Ukiangalia udongo peke yake, mjadala unaisha mapema: Bonde la Yezreeli. Ni mbuga kwa maana wanayoijua wakulima wa Shinyanga, udongo mweusi wa mfinyanzi, mzito, unaoshika maji. Ngano ya pale milimani hawaioni. Tatizo ni kwamba bonde hilo ndilo mlango wa barabara kuu ya kutoka Misri kwenda Dameski na Mesopotamia, na mlango wenyewe unalindwa na mji wa Megido. Farao Thutmose III alipigana hapo karibu mwaka 1457 KK. Mfalme Yosia akauawa hapohapo mwaka 609 KK, na waliomuua ni jeshi la Misri tena. Zaidi ya miaka 800 imepita katikati na njia ni ileile. Shamba la namna hiyo unalilima wewe, anavuna anayepita.

Watu wa kabila la Yusufu walilijua hilo. Walipomlalamikia Yoshua kwamba milima haiwatoshi, walitaja wenyewe kikwazo: Wakanaani wa Beth-sheani na wa Yezreeli wana magari ya chuma. Yoshua akawaambia wapande msituni wakafyeke. Gari la vita ni silaha ya tambarare. Kwenye mawe na miteremko ni mzigo. Hata tambarare yenyewe humgeuka mwenye magari: Sisera, jemadari wa Wakanaani, alikuwa nayo 900, na Wimbo wa Debora unataja mto Kishoni ukiwasomba watu wake. Mbuga ikinywa maji haichagui ngano wala magurudumu, nayo majira ya mvua ni matope na kinamasi kwako pia.

Kuna picha moja ambayo kwangu inamaliza habari ya mabondeni. Gideoni anapotokea kwa mara ya kwanza anapura ngano ndani ya shinikizo. Aliyewahi kupepeta nafaka anaona mara moja kasoro. Uwanja wa kupuria huwa mahali pa wazi, pameinuka, upepo ubebe makapi. Shinikizo ni shimo lililochongwa mwambani kwa ajili ya kukanyagia zabibu. Hakuna upepo mle. Makapi yanakurudia usoni. Mtu anakubali kazi ya kijinga kiasi hicho kwa sababu Wamidiani wakiona vumbi la makapi watakuja na ngamia wao kuchukua magunia.

Pwani nitaipitia haraka. Vijana wakiichagua wanawaza Zanzibar, minazi na majahazi. Pwani ile ni mstari ulionyooka, haina ghuba za kujificha chombo. Bandari za kutajika ni Yafa, Dori na Ako. Vilima vya mchanga huziba vijito vinavyotafuta bahari, ndiyo maana uwanda wa Sharoni ulikuwa na vinamasi. Na kusini wamekaa Wafilisti katika miji yao mitano: Gaza, Ashkeloni, Ashdodi, Ekroni na Gathi. Huchukui shamba pale bila kuwaomba wao.

Shefela: karibu niichague

Kati ya pwani na milima kuna vilima vya chini, Shefela, vyenye mabonde mapana yanayopanda taratibu kuelekea Yuda. Hapa mwanafunzi yeyote makini hutulia. Mvua inatosha, joto ni la wastani, mteremko si mkali, na mikuyu imejaa hata Biblia inaifanya kipimo cha wingi. Ni mkuyu uleule wa kwetu, wala si ndugu yake. Nabii Amosi, mtu wa Tekoa kule juu kwenye baridi, alikuwa pia mtunza mikuyu. Mti huo haupendi baridi ya milimani, kwa hiyo bila shaka alishuka kuifuata.

Ushahidi mtamu wa maisha ya Shefela ni kibao kidogo cha jiwe la chokaa kilichofukuliwa Gezeri mwaka 1908, cha karne ya 10 KK hivi. Kinaenea kiganjani. Mtu amekwaruza juu yake mwaka wa mkulima: miezi miwili ya kuvuna, miwili ya kupanda, miwili ya kupanda kwa kuchelewa, mwezi wa kukata kitani, mwezi wa shayiri, mwezi wa ngano na kupima, miwili ya kupogoa mizabibu, mwezi wa matunda ya kiangazi. Jumla kumi na miwili, hakuna mwezi wa kukaa. Ukitaka kujua shamba lenye mchanganyiko mzuri lilikuwaje, ndilo hilo: kitani, nafaka, zabibu na matunda mahali pamoja.

Lakini mabonde mapana yanayopanda taratibu yanampandisha na adui taratibu. Daudi na Goliathi walikutana katika Bonde la Ela kwa sababu hiyo. Lilikuwa ngazi ya Wafilisti kwenda Bethlehemu. Mwaka 701 KK Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliuteketeza mji wa Lakishi, akachonga ushindi wake kwenye kuta za jumba lake la Ninawi. Mawe hayo sasa yako British Museum, London: wanaonekana watu wakitoka mjini na mizigo, watoto wamepandishwa juu ya mikokoteni ya ng'ombe. Ndiyo familia yako ya watu sita hiyo. Miaka zaidi ya mia baadaye, Wababeli walipokaribia, kipande cha chungu kilichoandikwa kwa wino na kukutwa Lakishi kinasema wanaangalia ishara za moto za Lakishi kwa kuwa za Azeka hazionekani. Yerusalemu ilimponyoka Senakeribu, Shefela haikuponyoka.

Efraimu au Yuda?

Kwa hiyo tupande. Milima ni mawe ya chokaa yenye udongo mwekundu katika mifuko, na ndiko Waisraeli wa mwanzo walikotulia: watafiti wa mambo ya kale wamehesabu vijiji vidogo kama 250 vilivyochipuka huko baada ya mwaka 1200 KK. Kilichowawezesha ni kazi ya mikono tu. Walijenga kuta za mawe kukinga udongo, mteremko ukawa ngazi za mashamba. Aliyewahi kuchimba matuta Machakos au Lushoto anajua mgongo unavyouma siku hiyo, na anajua pia kwamba ukuta mmoja ukibomoka, mvua ya kwanza inabeba udongo wa miaka kumi.

Lakini "milimani" si mahali pamoja, na hapa ndipo watu wengi huchagua vibaya. Efraimu na Manase, upande wa kaskazini, wana mvua zaidi na mabonde mapana katikati ya milima, kama la Shekemu. Mizeituni hustawi, biashara inaingia kirahisi. Yuda ni kavu zaidi: mashariki jangwa, magharibi makorongo yenye kuta kali, kusini Negebu. Biashara inaipita pembeni.

Ukinipa nichague kwa miaka hamsini, Efraimu. Ukiniambia wajukuu wa wajukuu wangu nao walime hapohapo, Yuda. Samaria, mji mkuu wa upande wa Efraimu, ilianguka mwaka 722 KK kwa Waashuru. Yerusalemu ikaendelea hadi 586 KK. Siasa, wafalme na ushuru vilichangia, sikatai. Ila barabara iliyomletea Efraimu mteja wa mafuta ndiyo iliyomletea Mwashuru, na Yuda maskini ilibaki nyuma ya makorongo yake kwa karibu miaka 135 zaidi.

Hebroni ndipo ninapopapenda. Pako juu, kama mita 930, usiku wa kiangazi una ubaridi, na zabibu zake zilisifiwa tangu wapelelezi wa Musa walipobeba kichala kwenye mti. Mtu wa Dodoma anayelima zabibu ataelewa: mzabibu hauhitaji mvua nyingi, unahitaji mizizi iingie chini na mashada yaivie kwenye jua kavu.

Kosa la Lutu lina mantiki

Tunamcheka Lutu kwa sababu tunajua mwisho wake. Mwanzo 13 inasema aliliona Bonde la Yordani lina maji pote, kama bustani ya Bwana, kama nchi ya Misri. Mfugaji aliyetoka kugombana na jirani kwa ajili ya malisho angeangalia wapi tena?

Jicho lake lilikuwa sahihi kwa nukta chache tu. Yeriko, mita 250 hivi chini ya usawa wa bahari, ina chemchemi isiyokauka na mitende. Watu wamekaa pale zaidi ya miaka elfu kumi. En-gedi nayo hivyo. Kati ya nukta hizo ni udongo mweupe wenye chumvi. Na Yordani yenyewe haikusaidii kama Nile inavyomsaidia Mmisri. Inajipinda zaidi ya kilomita 200 ndani ya umbali ulionyooka wa kama 105, tena ndani ya mfereji wake ulioko makumi ya mita chini ya sakafu ya bonde. Kwa zana za wakati ule maji unayaona, huyapandishi. Kando yake ni kichaka kizito, na Yeremia anataja simba anayepanda kutoka humo.

Shimo hilo ni jamaa ya Bonde la Ufa letu, kwa hiyo ongeza matetemeko. La mwaka 749 BK liliibomoa Beth-sheani, mji mzima. Nikilinganisha Yeriko na Hebroni, Yeriko inashinda kwa maji na msimu wa baridi mtamu. Lakini chemchemi moja ina mwenyewe, na mgeni mwenye mbuzi kumi na watano hawezi kuwa yeye.

Ng'ambo: Bashani, Gileadi na nyanda za Moabu

Hapa namwachia nafasi mzee wetu, maana hoja yake ni ya Hesabu 32. Wana wa Reubeni na wa Gadi walikuwa na mifugo mingi mno. Walipoiona nchi ya Yazeri na Gileadi wakamwambia Musa, tuache hapahapa. Waliona sawasawa. Ukipanda kutoka Yordani upande wa mashariki unafika tena juu ya mita 1,000, mvua inarudi. Bashani ina udongo wa volkano na ng'ombe wanene kiasi kwamba Amosi aliwaita "ng'ombe wa Bashani" wanawake matajiri wa Samaria (hawakufurahi, nadhani). Gileadi ina misitu. Moabu ni uwanda wa kondoo.

Nikimuuliza mzee kuhusu usalama, anakohoa. Upande wa mashariki hakuna ukuta, jangwa linakuja hadi ukingo wa shamba. Upande wa magharibi, Yordani inakutenga na ndugu zako mpaka lafudhi zinaachana: Waamuzi 12 inasimulia watu wa Gileadi wakiwaua Waefraimu vivukoni kwa kushindwa kutamka "Shibolethi". Na jiwe la Mfalme Mesha wa Moabu, lililopatikana Dhiban mwaka 1868, linakiri kwamba watu wa Gadi walikaa Atarothi tangu zamani, kisha linajisifu kwamba aliuteka mji na kuwaua waliokuwamo. Baada yake akaja Hazaeli wa Shamu, na baada ya Hazaeli, Tiglath-pileseri wa Ashuru, aliyewahamisha. Makabila yaliyochagua mapema ndiyo yaliyoondolewa mapema.

Negebu, na mwanamke aliyejua kuomba

Negebu ni ya mtu wa hema. Shayiri inaweza kukubali mwaka mzuri karibu na Beer-sheba, ngano ni bahati nasibu. Udongo ni vumbi laini linalofunga juu likinyeshewa, maji yanakimbia korongoni badala ya kuingia chini. Isaka alichimba visima katika bonde la Gerari, akanyang'anywa. Majina aliyoviachia ni Eseki na Sitna, ugomvi na uadui. Cha tatu ndicho alichokiita Rehobothi, nafasi.

Aksa, binti Kalebu, alipewa shamba upande huo. Hakukataa, wala hakunung'unika kwa mumewe. Alimwendea babaye, akashuka juu ya punda, akasema: umeniweka katika nchi ya kusini, nipe na chemchemi. Akapewa za juu na za chini. Akina mama wa darasani humpigia makofi kila mwaka.

Langu

Nachukua mteremko wa magharibi, karibu na Hebroni, wenye kuta za mawe zilizoanza kujengwa na mtu mwingine. Nikikosa chemchemi nachimba birika mwambani na kulipaka chokaa. Hesabu yake ni hii: paa na ua wa mita 100 za mraba, kwa mvua ya milimita 550, ni lita 55,000. Nusu ikipotea kwa kunyonywa na jua, zinabaki 27,500. Watu sita kwa lita kumi kila mmoja, mbuzi kumi na watano kwa lita nne, ng'ombe wawili kwa lita thelathini na tano: ni lita 190 kwa siku. Kwa siku 150 za kiangazi nahitaji 28,500. Zimepungua elfu moja.

Ng'ombe mmoja ningemuuza kabla ya Mei, nilime kwa kushirikiana na jirani. Mzee wa Bashani, nilipomwonyesha hesabu hii, alitazama karatasi kwa muda mrefu kisha akaniuliza kama kweli mimi ni mtoto wa watu, nauza ng'ombe nibaki na mawe.